Baba anauliza: "Wamekufukuza?"

Shangazi anajibu barua za wasomaji

Leo nina barua nne mezani, moja ndefu na tatu fupi, zote za watu wanaotaka kuonja chuo kingine bila kukihama chao. Nitangulize kusema kwamba katika jambo hili nina upande. Kabla sijaanza kazi ya kushauri wanafunzi hapa Minnesota, nilikuwa binti wa Pangani ninayesoma Illinois, mahindi kulia, soya kushoto, nikaenda kukaa mwaka mzima mji wa Hilo, Hawaii, kwa mpango huuhuu wa vyuo kubadilishana wanafunzi, National Student Exchange. Anayetaka mshauri asiyeegemea popote atafute ukurasa mwingine.

*

*Shangazi, shikamoo. Niko mwaka wa pili chuoni hapa Kentucky, nasoma biolojia. Wazazi wangu ni watu wa Baraka, Fizi, kule Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ila mimi nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na tulikuja Marekani nikiwa na miaka 9. Chuo chetu kimo kwenye mpango wa National Student Exchange. Mratibu ameniambia ninaweza kwenda mwaka mzima Hawaii, kwenye chuo cha Hilo, nisome mambo ya bahari, kisha nirudi nimalizie hapa. Nilipomwambia baba, neno lake la kwanza lilikuwa: "Wamekufukuza?" La pili, Hawaii ni mahali pa wazungu kuota jua, na yeye hakutoa watu sita kambini ili binti yake akaote jua. Mama hajasema kitu, lakini najua anawaza nani atakwenda naye kliniki, maana mimi ndiye ninayemtafsiria. Je, ni kweli nitalipa minevali, yaani ada, ileile? Msaada wa fedha ninaopata utakatika? Na baba nimwambieje?*

*Binti wa Ziwa, Kentucky*

Marahaba mwanangu.

Umeniuliza maswali matatu, lakini swali la baba yako ni zito kuliko yote, kwa hiyo naanzia hapo. Kwa watu wa rika lake, mtoto huondoka shuleni kwa sababu zinazojulikana: amefukuzwa, ada imekwisha, au ana mimba. Ukimwambia "naenda chuo kingine mwaka mmoja kisha narudi," anajiuliza ni ipi kati ya hizo unayomficha. Usimkasirikie. Mwambie wazi kwamba huhami. Jina lako linabaki kwenye daftari la chuo chenu, cheti kitatoka chuo chenu, na ukirudi huombi nafasi upya. Waswahili wa pwani tunasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na kama kuna karatasi ya mratibu yenye nembo ya chuo, mwekee mezani. Wazee waliopitia kambini wanaheshimu karatasi kwa sababu maisha yao yote yaliamuliwa na karatasi.

Mwambie pia kwamba mpango huu haukuanza jana. Ulianzishwa mwaka 1968 na vyuo vitatu, Illinois State, Alabama na Montana State, na leo una vyuo zaidi ya 100 katika Marekani, Kanada, Puerto Rico, Guam na Visiwa vya Virgin. Wengi tunauita NSE tu.

Sasa fedha. Vyuo vya umma vya majimbo hapa Marekani vina bei mbili, ya mkazi wa jimbo na ya mgeni. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mkazi wa Hawaii anayesoma chuo cha Hilo hulipa zaidi kidogo ya dola 7,000 za ada kwa mwaka. Anayetoka jimbo jingine hulipa zaidi ya 20,000 kwa madarasa yaleyale na walimu walewale. NSE inakutoa kwenye bei ya mgeni, na inafanya hivyo kwa njia mbili. Katika Mpango A unalipa ada huko unakokwenda, kwa bei ya mkazi. Katika Mpango B unaendelea kulipa Kentucky kiasi unacholipa sasa, na huko uendako hawakudai ada. Kwa hiyo jibu la swali lako: kwa B ndiyo, minevali ni ileile, kwa A huenda hata ikapungua. Ila si wewe peke yako unayechagua. Chuo kinachokupokea ndicho kinachoamua kitatoa nafasi ngapi za A na ngapi za B, kwa hiyo andaa hesabu za mipango yote miwili.

Msaada wa fedha ndipo wengi wanapokwama. Ufadhili unaotoka chuo chenu chenyewe, na fedha za jimbo la Kentucky, kwa kawaida huendelea ukiwa kwenye B, kwa sababu vitabuni bado wewe ni mlipaji wa Kentucky. Kwenye A mara nyingi husimama mpaka urudi. Pell ni ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, inakwenda nawe kwa mpango wowote, ila inapitia ofisi ya chuo kimoja tu kwa wakati mmoja. Huwezi kuipokea Kentucky na Hawaii kwa pamoja. Pell kamili kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 ni dola 7,395. Iweke hiyo pembeni ya ada ya mkazi kule Hilo uone inavyokaribia kuimaliza yote. Kama ufadhili wa chuo chenu ni mdogo na Pell yako ni kamili, A inaweza kukufaa zaidi. Kama chuo kinakulipia sehemu kubwa, shikilia B. Hili huwezi kuamua kwa kusikia wenzako walifanya nini.

Nenda ofisi ya misaada ya fedha na swali hilohilo, kisha waombe wakujibu kwa barua pepe. Karani wa dirishani anaweza kuhamishwa kabla ya Agosti. Barua pepe utakuwa nayo.

Kuna gharama ambazo hakuna mpango unaozigusa. Bweni na chakula unalipa huko uendako, na kwa Hawaii, ambako vyakula vingi dukani vimefika kwa meli, fedha hiyo inaweza kuipita ada. Kuna nauli ya ndege. Mji wa Hilo una uwanja wake, lakini wengi hufikia Honolulu kwanza na kubadilisha ndege. Fanyeni hesabu hii wewe na baba yako mkiwa wawili, kalamu ashike yeye.

Sasa masomo, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nenda mwaka wa tatu. Usisubiri wa nne. Vyuo vingi vinataka krediti zako za mwisho, mara nyingi 30, uzisomee nyumbani, na mwanafunzi anayeondoka mwaka wa nne hujikuta akiongeza muhula ambao hakuupanga. Maombi ya duru ya kwanza kwa kawaida hufanyika katikati ya majira ya baridi, Februari hivi, na majibu hutoka Machi, kwa hiyo ukiamua Aprili umeshachelewa kwa mwaka huo. Vyuo vingi vinataka wastani wa alama, GPA, wa angalau 2.5.

Kabla hujapanda ndege, keti na mshauri wako wa masomo mkiwa na orodha ya kozi za huko, na kwa kila kozi aandike itahesabiwa kama nini ukirudi. Itakuwa kozi ya shahada yako, au ni krediti ya ziada isiyosukuma kitu? Alama itaingia kwenye GPA au krediti tu? Kila chuo kina utaratibu wake. Andikisha kozi nyingi kuliko utakazosoma, saba au nane, kwa sababu utafika huko ukute mbili zimejaa na moja haifundishwi muhula huo. Mihutasari ya kozi ihifadhi mpaka siku utakayovaa joho.

Chagua kozi ambazo Kentucky haiwezi kukupa. Huu ndio msimamo wangu na wanafunzi wangu wameuchoka. Kama unakwenda kusoma takwimu ya utangulizi, baki nyumbani. Chuo cha Hilo kina sayansi ya bahari ya shahada ya kwanza, na bahari yenyewe ipo pale chini. Kuna mafunzo yao yanayoitwa QUEST ambamo wanafunzi hupiga mbizi kuhesabu samaki na matumbawe. Yanataka cheti cha kupiga mbizi kwa mtungi, kwa hiyo kama hujui kuogelea, bwawa la chuo chenu lipo, na mwaka bado una miezi. Chukua pia kozi moja ya Kihawaii. Chuo hicho kina kitivo kizima cha lugha hiyo, Ka Haka ʻUla o Keʻelikōlani, na wewe irabu zao tano unazo tayari mdomoni. Utawashangaza walimu siku ya kwanza.

Mama. Hujaniuliza, lakini umeandika, na nadhani ndilo linalokushika mguu kuliko baba.

Mwanangu, kumtafsiria mama kliniki hakukupaswa kuwa kazi yako hata ulipokuwa mdogo. Kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu, zikiwemo zote zinazopokea Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zinatakiwa na sheria kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Mara nyingi mkalimani huja kwa simu au kwa skrini. Unapopanga miadi sema mapema kwamba anahitajika mkalimani wa Kiswahili, na ongeza neno "Congo", maana Kiswahili cha Nairobi na cha Baraka vinaelewana lakini mtu akiumwa hataki kukisia. Kama mama anajieleza vizuri zaidi kwa Kibembe, uliza, ila usitegemee sana. Anza sasa, ukiwa bado upo. Keti naye chumbani, mdomo umefungwa, mkalimani afanye kazi yake. Mara ya kwanza mama atakugeukia wewe. Mara ya tatu hatakugeukia.

Na tafadhali, kazi hiyo usimrithishe mdogo wako. Nimewaona watoto wa miaka 12 wakimweleza mama yao matokeo ya kipimo ambacho hata daktari mwenyewe alikuwa akitafuta namna ya kukisema. Kanuni za afya za nchi hii zinakataza kumtumia mtoto hivyo isipokuwa kwa dharura. Sema hivyo pale mapokezi kama watakushinikiza.

Simu pia mpange. Hawaii hawabadilishi saa. Kama nyumbani kwenu ni upande wa Louisville, majira ya baridi mnawatangulia kwa saa tano, majira ya joto saa sita. Mama akimaliza kula saa mbili usiku, huko Hilo ni saa tisa alasiri wakati wa baridi, nawe unatoka darasani. Ni wakati mzuri. Ukimpigia wewe usiku wako, utamwamsha.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo watoto wetu hukwama nayo. La kwanza, kama una Medicaid ya Kentucky, ni ya Kentucky. Nje ya jimbo itakusaidia kwenye dharura, si kwenye miadi ya kawaida wala dawa za kila mwezi. Uliza bima ya wanafunzi ya huko uendako na bei yake, uiweke kwenye ile hesabu. La pili, Hawaii inamtaka kila mwanafunzi wa chuo alete uthibitisho kwamba hana kifua kikuu, pamoja na chanjo kadhaa. Wewe ulizaliwa Nyarugusu, bila shaka ulichanjwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu yenye kovu begani. Kipimo cha sindano ya ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, ukaanza kuzungushwa kwenye eksirei bila sababu. Omba kipimo cha damu, hicho hakichanganywi na chanjo hiyo. Fanya mapema, kwa daktari mwenye leseni hapa Marekani, maana bila karatasi hiyo hutaingia darasani.

Kitambulisho nacho: tangu tarehe 7 Mei 2025 ndege za ndani zinataka leseni au kitambulisho cha REAL ID, yaani kinachotimiza masharti ya serikali kuu, au pasipoti. Kabla ya kutua Hawaii utajaza fomu ya kutangaza mimea na vyakula. Mbegu za lengalenga za mama ziache nyumbani. Wakati wa kurudi, mizigo yote inakaguliwa uwanjani kwa ajili ya matunda na udongo, na maofisa hao hawana utani na embe.

Tumrudie baba na jua lake. Mwambie ukweli: mji wa Hilo ni kati ya miji yenye mvua nyingi kuliko yote Marekani, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya Louisville. Viatu vyangu vya ngozi viliota ukungu chini ya kitanda nikavitupa. Picha za wazungu wameanikwa mchangani anazoziona baba yako ni za Waikiki, na Waikiki iko kisiwa kingine, mwendo wa ndege. Upande wa Hilo ufukwe mwingi ni mawe meusi ya volkano. Watu wanavua, wanalima, wanakwenda kazini na miavuli. Mji ulipigwa na tsunami mwaka 1946 na tena mwaka 1960, ndiyo maana leo sehemu kubwa ya mbele ya bahari ni nyasi tupu na bustani, hawakujenga tena. Kuna makumbusho ya tsunami mjini, ukiyakuta wazi nenda wiki ya kwanza, halafu soma ramani ya njia za kukimbilia iliyobandikwa bwenini kwako.

Chakula hakitakutesa. Shelisheli wanao, magimbi wanao, wanayaponda kuwa uji mzito wa zambarau ambao mimi sikuupenda mwezi wa kwanza na nikaulilia mwezi wa mwisho. Jumatano na Jumamosi ndizo siku kubwa za soko la wakulima, na wauzaji wa Kifilipino wana matembele na majani ya mlonge. Unga wa ugali beba.

Halafu mzungumzishe baba kuhusu samaki. Mtu wa Baraka anajua kwamba ndagala wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwaka watu wanapumzisha nyavu. Anajua taa inawaita. Muulize kwa nini taa inawaita, na umwache aeleze kama alivyoelezwa na baba yake. Kisha mwambie kwamba hiyo ndiyo kozi unayotaka kwenda kusoma: nani anakula nani majini, kwa nini wanapanda juu usiku, na kwa nini miaka mingine nyavu zinarudi tupu. Kentucky hawawezi kukufundisha hayo, maana maji yao ya chumvi yako kwenye chupa za maabara. Ukirudi na elimu hiyo, Ziwa Tanganyika lina urefu wa kwenda chini wa mita 1,470 na watu wa nchi nne wanaolitegemea. Baba yako hajatoka ziwani moyoni, nina hakika. Yeye anadhani wewe ndiye uliyetoka.

Akikataa bado, usimburuze. Wewe ni mtu mzima na sheria inakuruhusu kwenda, lakini omba muhula mmoja badala ya mwaka, uone kama atalegea. Mimi huwa nawashauri watu mwaka, kwa sababu muhula wa kwanza unaisha ukiwa ndiyo kwanza unajua basi linasimama wapi. Ila muhula wenye baraka za baba unashinda mwaka wa simu zisizopokelewa.

*

*Shangazi, kijana wangu anasomea uuguzi hapa Minneapolis, mwaka wa tatu. Anataka kwenda Fairbanks, Alaska, mwaka mzima. Sisi ni Waislamu. Nimkubalie?*

*Mama Wawili, Minneapolis*

Mama, kwanza muulize kama idara yake imemkubalia, kwa sababu uuguzi ni miongoni mwa kozi ngumu kabisa kubadilishana. Wanakwenda kwa kundi moja tangu mwanzo hadi mwisho, mafunzo ya wodini yamepangwa kwa zamu, na vyuo vingi vinavyopokea wanafunzi wa NSE havifungui nafasi za uuguzi kwa wageni. Akiondoka mwaka wa tatu anaweza kupoteza nafasi yake kwenye kundi na kusubiri lijalo. Kama hamu yake ni Alaska yenyewe, kuna muhula wa kiangazi, au aende akishahitimu. Hospitali za huko zinaajiri wauguzi.

Kuhusu dini, Fairbanks mwezi Desemba jua linaonekana kwa chini ya saa nne. Adhuhuri, alasiri na magharibi zitamfuata kwa mkupuo, na mwezi Juni shida inageuka, usiku hauingii sawasawa. Wanazuoni wana majibu ya hali hizo na Waislamu wa Alaska wanaishi nayo kila mwaka, kwa hiyo halizuii kitu. Baridi ya Minneapolis ameshaizoea. Kinachonitia shaka ni hiyo wodi.

*

*Hujambo Shangazi. Mimi ni Mkenya, niko Ohio kwa visa ya mwanafunzi, F-1. Naweza kuingia NSE au ni ya Wamarekani tu?*

*Kamau wa pili, Ohio*

Sijambo. Unaweza, ukiwa mwanafunzi wa chuo mwanachama na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako ikiidhinisha. Hiyo ofisi iende mbele ya kila mtu, hata mratibu wa NSE. Kwa kawaida I-20 yako, ile hati ya chuo inayobeba visa yako ya masomo, hubaki na chuo chako cha Ohio, hivyo lazima usajiliwe krediti za kutosha kuhesabika mwanafunzi wa muda wote, na anwani mpya uitoe ndani ya siku 10 za kuhamia.

Jambo ambalo vijana husahau ni kazi. Ruhusa ya kufanya kazi chuoni imefungwa kwa chuo kinachoshika rekodi yako. Ukifika huko ukaona tangazo la kazi maktaba, usijaze fomu kabla ofisi yako ya Ohio haijakujibu kwa maandishi. Kama ulikuwa unategemea saa 20 kwa wiki za mkahawa wa chuo kujilisha, hesabu mwaka huo bila fedha hiyo. Usichague Kanada kwa haraka pia, ingawa ipo kwenye orodha: utahitaji ruhusa ya kuingia kule, na visa yako ya Marekani iwe bado hai ya kukurudisha.

*

*Shikamoo Shangazi. Nasoma kilimo Morogoro. Nimesikia habari za NSE kwa binamu yangu. Je, na mimi nawezaje kuomba? Na kwetu kitu kama hicho kipo?*

*Msomaji wa Morogoro*

Marahaba. NSE huwezi, kwa sababu wanaoomba ni wale ambao tayari wamesajiliwa kwenye vyuo wanachama, na vyote viko upande huu wa dunia.

Kwetu kilichozoeleka ni kuhama chuo kabisa kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na huko ndiko kuondoka kweli, jina na yote. Lakini wazee wako walikuwa na kitu kikubwa kuliko NSE. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mtoto wa Dodoma aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi au tiba ya mifugo alikwenda Nairobi, na Mganda au Mkenya aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Mjomba mmoja wa ukoo wetu alisoma hivyo, na mpaka uzeeni alikuwa akigombana kwa Kiganda na muuza ndizi.

Muungano ule ulivunjika Julai 1970, kila nchi ikachukua chake. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala ndilo linaloshughulikia mambo ya kutambuana krediti. Kwa hiyo nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako uulize maswali mawili: wana makubaliano na chuo gani cha Kenya, Uganda au Rwanda kinachofundisha kilimo, na mwanafunzi wa mwisho kwenda kwa makubaliano hayo alikwenda mwaka gani. Hilo la pili usilisahau. Makubaliano mengi yamesainiwa, yamepigwa picha, na hayajawahi kumpandisha mtu basi. Ukikuta lililo hai, niandikie niliweke hapa, maana barua kama yako ninazo nyingine kutoka Mbeya na Zanzibar.